Lenzi Mbili na Uso wa Dani

Dani, yaani mama yake mama yangu, aliniita kwake Kisian, kando ya ziwa, Jumapili moja akaniambia anataka nimpige picha ya matanga yake. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ametoka kumzika mwenzake wa kanisani, na kwa maelezo yake, picha iliyowekwa mbele ya jeneza ilikuwa aibu tupu, uso umejaa ukungu, macho hayajulikani yako wapi.

"Nimezika watu wengi wenye sura za kipande," akasema, maana watu wakikosa picha huchukua ile ya kitambulisho wakaikuza mpaka inavimba. "Mimi nataka wakija kwangu wanikute nawaangalia. Macho yaonekane. Usiponipiga wewe, hawa wengine watanitoa kwenye kipande."

Kwetu hilo si jambo dogo. Picha ndiyo inayokaa mezani chini ya hema, ndiyo inayotangulia jeneza, na watu wakishatawanyika ndiyo inayobaki ukutani. Mama aliposikia alilalamika kwenye simu kwamba tunamwitia mzee wa watu kifo akiwa mzima. Dani hakujali. Na mimi, nisiwe mwongo, nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimepata kazi ya kuipa kamera yangu.

Riziki yangu ni picha za harusi. Hizo nazipiga kwa kamera ya kisasa ambayo inajilengea yenyewe huku mimi nikifikiria pilau. Lakini ninayo nyingine, ya filamu, niliyonunua studio moja mjini ilipofungwa. Ukiniuliza kwa nini sikumpiga Dani kwa ile ya harusi nikamaliza, nitakujibu kwa ukali, maana sina jibu la maana. Nilitaka tu. Uso kama ule haupigwi na kitu kinachojiendesha.

Kamera yenyewe ni ya ajabu kidogo. Hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha cha pembeni, na katikati ya kidirisha kuna doa dogo linalokuonyesha mtu huyo huyo mara ya pili, mwepesi kama kivuli chake. Unazungusha pete ya lenzi mpaka wale wawili waungane wawe mmoja. Wakiungana, kamera inakuambia hapo ndipo. Unapiga. Kumbe lenzi nayo ina yake. Chuma chake cha nyuma kikiwa kimekosea unene wa unywele, kidirisha kinaona jicho, filamu inaona sikio.

Nina lenzi mbili za kamera hiyo. Ya kwanza ni mzee mwenyewe, ilikuja na kamera, shaba yake inachungulia mahali rangi ilipokwisha. Ya pili ni mpya, ila imetengenezwa kwa mtindo wa zamani: inang'aa, nzito, na ina kijimkono chini cha kusukuma kwa kidole. Zote zinaona upana ule ule, lakini tabia ni mbingu na ardhi. Ya zamani ina huruma. Inalainisha ngozi na kuutia mwanga utandu kidogo, mtu wa makamo anatoka kama aliyelala vizuri. Mpya haina simile. Inakuonyesha kila kunyanzi, na uzi uliochomoka kwenye kola.

Nilianza na mpya. Dani alikaa barazani na sare yake nyeupe ya kanisa, kitambaa kichwani, mikono juu ya mapaja. Nikalenga kope zake, doa likaungana, nikamwambia, "Dani, sasa usitikisike," nikapiga. Nikarudi kwangu mjini, mtaa wa Milimani, kwenye kachumba ninakopanga nyuma ya nyumba ya wenyewe, nikaisafisha filamu bafuni. Hereni ilitoka safi kabisa. Kitambaa cha kichwani ungehesabu nyuzi zake. Macho, ukungu.

Nikasema sawa, tubadilishe. Juma lililofuata nikaenda na lenzi ya zamani. Safari hiyo kola ndiyo ilitoka safi, na kitufe cha kifuani, na macho yakabaki nyuma, ukungu tena. Nilimpelekea Dani zote mbili. Akazileta karibu na uso, akazipeleka mbali, akazirudisha.

"Nyakwara," akaniita, yaani mjukuu, "hii ni ukungu. Na hii ni ukungu. Wewe huko harusini unalipwa kwa kazi gani?"

Niliudhika. Mzee alikuwa na haki. Lenzi moja ilikuwa inalenga nyuma, nyingine mbele, na kila moja ikiapa kwamba mwenzake ndiye mwongo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi nilikuwa na majembe mawili na yote yanalima shamba la jirani.

Basi udadisi ukanishika, na ukinishika mimi hata kula nasahau. Nilitaka kujua ukweli uko wapi: kwenye lenzi ya kwanza, ya pili, au kwenye kamera yenyewe. Nikateremka ufuoni mwa ziwa, chini kidogo ya Kisian, ambako omena, wale dagaa wa kwetu, hutandazwa juu ya nyavu wakauke. Kitu nilichohitaji ni hicho hasa, vitu vidogo vidogo vinavyofanana, vimepangwa kutoka karibu mpaka mbali. Nikachomeka kijiti katikati ya omena, nikalenga kijiti, nikapiga kwa lenzi hii na kwa ile. Picha ingeniambia ni omena gani ametoka safi, aliye mbele ya kijiti au aliye nyuma.

Mama mmoja mwenye samaki hao alinisogelea, mikono kiunoni. "Unawapiga picha wa nini? Wanatafuta kitambulisho?"

Nikamweleza kwamba napima kamera.

"Basi pima ukinunua," akasema. Nikanunua, na tukawa marafiki.

Omena hawakunidanganya. Lenzi mpya ililenga nyuma ya kijiti, ya zamani mbele yake. Nikageuza kamera nikatazama milima ya ng'ambo ya ghuba, kwa sababu kitu cha mbali hivyo ndicho shahidi wa mwisho: pete ikifika kikomo, milima miwili ya kwenye doa sharti iwe mmoja. Ikawa mmoja. Maana yake kamera haikuwa na kosa. Hapo mtu mwenye akili angeiacha kamera akashughulikia lenzi. Mimi nilikuwa na haraka, nikakaza kijiskrubu cha ndani ya kamera ili ikubaliane na lenzi mpya. Kufumba na kufumbua milima ikawa miwili, mmoja umempanda mwenzake. Nilikuwa nimemfundisha hakimu kusema uongo ili amfurahishe mshtakiwa. Nilikitukana kile kijiskrubu kwa Kijaluo, kisha nikakirudisha kilipokuwa.

Ndipo nikafanya kazi inavyotakiwa. Nilifungua lenzi mpya mezani kwangu, juu ya taulo nyeupe ili chochote kikidondoka nikione. Lenzi ikilenga nyuma ya mtu, inataka kusogezwa mbele kidogo, mbali na filamu. Nikakata pete nyembamba kutoka bati la mkebe wa soda, nikaisugua makali, nikaiweka kati ya vioo na mwili wa lenzi, nikafunga. Nikafungua na ile ya zamani kwa kutaka kujua tu. Ndani nikakuta pete ya karatasi ngumu, imekatwa kwa mkono, kumbe kuna mtu kabla yangu aliyekuwa na shida kama yangu. Sijui alikuwa nani wala alitaka kumpiga nani. Nilikaa nayo kiganjani muda, nikapenda kumjua.

Nilirudi kwa omena na lenzi mpya. Kijiti kikatoka safi, na omena waliokiegemea hata macho unayaona. Nilicheka peke yangu pale ufuoni.

Sasa kwa Dani. Nilichagua lenzi mpya, isiyo na huruma, kwa sababu alishaniambia hataki kufanywa msichana. Nikagundua na jambo jingine lililokuwa likiniharibia kazi: kila nikimsemesha, alikuwa akisogeza shingo mbele kunielekea. Nikadhani ni masikio, uzee huo. Kwa hiyo nilimsemesha kwanza, nikamwacha asogee, nikamlenga huko huko alikofika, nikapiga bila neno.

Picha ilinitoka kama nilivyoiota. Niliipeleka kukuzwa mjini, nikaitia fremu, nikambebea Kisian kabla hata ya kumwonyesha mtu mwingine. Nilipotokea mlangoni Dani alinielekea kama mgeni mpaka nikamsalimu, ndiyo kawaida yake siku hizi, kisha akachangamka. Akaipokea. Akaileta karibu na uso, akaipeleka mbali, akaielekeza mlangoni penye jua.

"Ni ukungu," akasema taratibu, kama anayenionea huruma. "Lakini umejaribu."

Hasira ilinipanda. Baada ya omena, baada ya bati la soda, baada ya kuchokonoa lenzi mpaka vidole vinaniuma! Nikaichukua ile fremu kutoka mikononi mwake ili nimwonyeshe kwa kidole. Dani, tazama, kope hizi hapa, moja moja. Nikainama nitazame pamoja naye.

Kwetu mzee humkodolei macho. Unamsalimu kichwa kimeinama kidogo, unamjibu ukiangalia mikono yake, na ndivyo nilivyomtazama Dani tangu niko mdogo. Nilikuwa sijawahi kuyatazama macho yake karibu hivyo, na picha haikuwa na mtu wa kuonewa haya. Kope zilikuwa safi, moja moja. Chini ya kope, katikati ya jicho, pale panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa peupe kama maji yaliyooshewa mchele. La kulia na la kushoto.

Niliiweka picha chini. Hasira yote ilikwisha. Dani alikuwa ameketi akinielekea, ametabasamu, shingo ameisogeza mbele.

"Dani," nikamwuliza, "mimi unaniona?"

"Nakusikia vizuri," akasema.