Saa Ilitembea, Bwana Harusi Akaganda

Waliokuwapo siku ile niwataje kabisa, maana hata nisipowataja wenyewe wanajitaja kila nikipita: maalimu wa chuoni kwetu hapa Kismayo aliyekuja kufungisha ndoa, mashahidi wawili, majirani waliojaa uani, shangazi yangu Bi Mwanaidi na wanawake wenzake nyuma ya pazia la mlango wa chumba cha bibi harusi, mdogo wangu Fatma, Tima kwetu nyumbani, aliyekuwa anaolewa, na mimi Athmani, kaka yake, niliyekaa mahali pa walii kwa kuwa baba yetu hayupo. Kule Mombasa walikuwapo bwana harusi, Omari, baba yake, Mzee Kale, na ndugu zao wachache. Hao ndio walioniona. Aibu ni yangu peke yangu, sigawi na mtu.

Mzee Kale na marehemu baba walikuwa mafundi wa mashua kule kisiwani Chula, chombo kimoja huyu ubavu huu, huyu ubavu ule, mpaka vita vikamtoa Mzee Kale akahamia Mombasa. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikamlea Tima kwa kutengeneza simu, baadaye kompyuta, na kila Ijumaa miaka yote hiyo Mzee Kale alinipigia simu kuuliza neno moja tu: "Mmekula?" Nikijibu tumekula, anashukuru Mungu na kukata. Kwa hiyo mwanawe alipomposa Tima, mzee aliomba ndoa ifungwe kwenye ua wetu, na kwa kuwa miguu yake haikuweza tena safari, abaki Mombasa na mwanawe, aone kwa kompyuta nyumba ya rafiki yake.

Mimi ndiye fundi, nani mwingine angefanya? Kompyuta niliiweka chumbani kwa bibi harusi, dirishani, maana ndipo intaneti inaposhika, na kamera na maikrofoni nikazivuta kwa waya mpaka uani. Huko uani nikaweka televisheni kubwa niliyoazima kwenye mkahawa, nikatafuta programu ya kunakili picha ya kompyuta na kuirusha kwenye televisheni bila waya. Sasa hapo ndipo nilipojimaliza. Programu ile ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza inakagua kioo chote, pembe hadi pembe, na kurusha upya kila kilichomo (nzito, kompyuta yangu kuukuu ikapata moto kama kikaango). Ya pili ni ya kivivu: ndani ya kompyuta kuna msimamizi wa kioo, kila programu inayotaka kuchora hupitia kwake, na yeye huweka kumbukumbu ya sehemu zilizobadilika, basi unamuuliza tu, "Wapi pamebadilika?" na unarusha vipande hivyo peke yake.

Nikachagua ya pili. Nikajaribu kwa kufungua picha na kuandika maneno, vyote vikaonekana uani vizuri sana, nikajipongeza mwenyewe. Video sikuijaribu, nilikuwa nabania intaneti. Wala sikujua kwamba kwenye kompyuta ile video ilichorwa moja kwa moja na kadi ya picha, ikipita mlango wa nyuma, bila kumwarifu msimamizi. Baba alipoletewa mashua inayovuja hakumuuliza nahodha panapovuja. Aligonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo, akisikiliza. Mimi, mwanawe, nilimuuliza nahodha.

Wakati ukafika. Nikawaambia wa Mombasa wazime maikrofoni yao wakati wa hotuba, mwangwi usitusumbue. Nikaikuza picha yao ijae karibu kioo chote (hilo la kukuza msimamizi aliliona), nikaenda kuketi uani, nikazima simu yangu kwa adabu. Kwenye televisheni Omari alikuwa ameinamisha kichwa upande, anatabasamu, baba yake ameketi kando yake. Pembeni, saa ya kompyuta inakwenda, sekunde kwa sekunde, kwa hiyo hakuna aliyeshuku kitu.

Maalimu akaanza hotuba. Omari kimya. Maalimu akasoma, akasoma. Omari hajatikisika.

"Mchu huyu katulia!" Bi Mwanaidi akasema kwa Kibajuni chake nyuma ya pazia, akiichungulia televisheni. "Hata macho hapepesi!"

"Huyo ndiye kijana aliyelelewa," jirani akaitikia, na mimi (Mungu anisamehe) nikatikisa kichwa kama mwenye kumlea.

Ghafla Tima akapiga ukelele chumbani. "Kaka! Ngojeni! Kaka!"

"Nyamaza wewe, utatuaibisha!" Nikamsikia shangazi, kisha sauti ya Tima ikazibwa kwa kiganja. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Kumbe hamtaki." Mwingine akacheka puani. Ningesimama pale, ningeuliza tu una nini mdogo wangu, nisingekuwa na mkasa wa kusimulia. Lakini niliona watu wananitazama, nikamwambia maalimu, "Tuendelee."

Nikatamka: "Omari, nimekuoza dada yangu Fatma binti Bakari, kwa mahari mliyokubaliana."

Omari akatabasamu.

"Jibu, mwanangu," maalimu akasema. "Washa maikrofoni."

Akatabasamu. Saa inakwenda. Nikatamka tena. Akatabasamu. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama, na uani vicheko vimeshapata miguu, mtu anasema kijana kajuta, mwingine anasema hapana, kalala macho wazi. Kumi na miwili ni miaka niliyomlea Tima ili siku hiyo asidharauliwe, na huyu ananicheka mbele ya mtaa mzima. Nikaikabili kamera.

"Mzee Kale! Mwanao anatucheka sisi yatima, nawe umekaa unamtazama? Baba yangu alikuita ndugu. Ungekuwa mwanamume ungemfunza adabu!"

Pazia likafunguliwa kwa nguvu. Tima akatoka kichwa wazi mbele ya wanaume wote, hina mikononi, waya zinaburutika nyuma yake, ameipakata kompyuta. Akaniwekea mbele ya uso.

"Tazama hapa," akasema. "Hapa, Kaka. Si kule."

Kwenye kioo kile hakukuwa na tabasamu. Omari alikuwa chini, kichwa cha baba yake mapajani mwake, mdomo wa mzee umekwenda upande, watu wanampepea. Omari ananitazama moja kwa moja. Alikuwa ameinua mkono tangu katikati ya hotuba, ameita, akasahau kuwa maikrofoni imezimwa, nduguze wamenipigia simu niliyoizima. Maikrofoni yetu haikuzimwa. Kila neno langu lilifika.

Kwenye televisheni Omari akaendelea kutabasamu, mpaka jirani mmoja akainuka akaichomoa.

Mzee Kale alifariki siku ya nne.

Ndoa ilifungwa baada ya matanga, kwa wakili wa Omari aliyekuja kwa miguu yake hadi uani, akaketi, akajibu kwa sauti. Tima sasa yuko Mombasa. Mimi kompyuta ya mteja siku hizi naikagua pembe hadi pembe hata ikiungua, na nimeapa simhukumu mtu kwa sura niliyorushiwa, maana kitu kimoja kikitembea haimaanishi vyote viko hai.

Lakini kiapo si malipo. Nilimpigia Omari kuomba radhi.

"Kaka Athmani," akasema, "langu nimesamehe. La baba si langu."

Nikamuuliza kama mzee alisikia.

"Alisikia. Aliuliza, 'Huyo mwana wa Bakari?' Nikamwambia ndiye. Akasema, 'Sauti ya babake.' Hakusema tena."

Alilisema kwa uchungu au kwa mapenzi, Omari hajui, nami sina wa kumuuliza. Maalimu ameniambia nimwombee dua na kutoa sadaka kwa jina lake, natoa, naomba. Lakini kila Ijumaa mchana hujikuta nimeiweka simu mbele yangu. Hailii. Deni lipo, na anayenidai hapigi tena kuuliza kama tumekula.