Glasi ya Maji Pembeni ya Mlaso

Miezi mitatu ya uzazi niliimaliza Kibosho kwa mama mkwe wangu, katika chumba kilichonukia moshi na maziwa. Asubuhi ukungu uliingia dirishani ukakaa nasi kama mgeni asiye na haraka, nami sikujua kama nimelala au niko macho. Mtoto alipumua, migomba ikadondosha maji, siku ikapita.

Kila asubuhi mama mkwe aliniletea mlaso, ile damu ya ng'ombe iliyopikwa kwa maziwa na mafuta, na pembeni yake glasi ya maji. Alisimama mpaka nimalize kikombe, kisha akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Hapo ndipo nilipochomoa chini ya godoro vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa hospitali, nikameza kimoja haraka kwa maji yale. Nilijua angekasirika. Nilijiona mjanja, tena nilimhurumia: mama wa watu, na dawa zake za zamani.

Siku ya kurudi Moshi mjini roho ilinisuta. Nikamwambia kwamba miezi yote ile nilikuwa nikimeza vidonge kwa siri.

Hakugeuka. Alikuwa akimfunika mtoto kwa shali.

"Mlaso haushushiwi maji, mwanangu," alisema taratibu. "Ulidhani yale maji nilikuwa nakuletea ya nini?"