Mwaka Terunesh Alipovunja Sahani

Wifi yangu Terunesh alikuwa mtu wa kuota mchana. Unazungumza naye hapa Kiryat Gati, ghorofa ya tatu, juu ya bei ya vitunguu, kumbe mwenzako yuko Gondari tulikotoka, anachochea moto wa vyungu. Mimi Balaynesh, dada wa marehemu mumewe, nilimjua tangu alipokuja kuolewa kwetu na miguu yake mirefu na kiburi chake, na tuligombana miaka yote kama mawifi wanavyopaswa. Lakini mwaka ule wa sahani, alipokaribia kufukuzwa nyumbani kwa mwanawe mwenyewe, Mungu ananijua, nililia.

Kule kwetu Pasaka, sikukuu yetu Wayahudi ya kukumbuka kutoka Misri, ilianza kwa kelele. Wanaume walishughulika na kondoo, sisi wanawake tukavunja. Kila chungu, kila bakuli la udongo lililokaa na chachu nyumba moja mwaka mzima, lilitolewa nje likapasuliwa, na vyombo vipya vilivyochomwa wiki hizo vikaingia mahali pake. Watu husema mfinyanzi hulia gaeni. Labda siku nyingine, lakini si usiku wa Pasaka. Usiku ule hata fukara wetu alilia kwenye chombo kipya kabisa. Jua likizama kuhani alichinja, damu ikapakwa mlangoni pa nyumba ya sala, nyama ikaokwa, tukala upesi upesi na mkate usiotiwa chachu, viatu miguuni. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, mwezi umejaa, moshi wa mikaratusi umetanda, na mimi mtoto nilikuwa naweza kuapa kwamba Farao yuko nyuma ya kile kilima pale.

Na vyungu vya Terunesh! Mkono ule ulibarikiwa, hata mimi wifi mtu nakubali.

Mwaka wetu wa kwanza huku nchi ya ahadi, kaka yangu Ferede, mumewe Terunesh, alitafuta kondoo. Rabi wa kituo kilichotupokea, kijana mpole mwenye ndevu chache, akamwambia, "Mzee wangu, siku hizi hatuchinji. Tangu Hekalu lilipovunjwa, tunakaa mezani tunasimulia. Kondoo tunamwekea mfupa mmoja tu kwenye sinia, wa ukumbusho."

"Hekalu limevunjwa?" Ferede akauliza. "Lini?"

"Inakaribia miaka elfu mbili sasa, mzee."

"Elfu mbili! Na hamkumtuma hata mtu mmoja kutuambia?"

Kaka yangu akaketi sakafuni kama mtu aliyefiwa asubuhi ile ile, na chakula hakukigusa mpaka kesho yake. Mimi nilicheka. Nilicheka kwa sababu ningeanza kulia nisingenyamaza.

Terunesh hakulia wala hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, "Na vyungu je?"

Basi akaendelea kufinyanga. Kuna karakana hapa mtaani ambapo wanawake wetu hutengeneza visanamu vya udongo vya kuwauzia wageni. Terunesh alikuwa akienda huko kila majira ya mvua yakiisha, anafinyanga mabakuli meusi ya Pasaka, anayafunga kwenye shuka, anayaweka chini ya kitanda. Pasaka inakuja, Pasaka inapita, hakuna anayeyaulizia. Mkwe wake Ilanit, mke wa mwanawe Takele, akawa anayachukua baadaye kwa moyo mzuri kabisa na kupanda nanaa ndani yake. Barazani palikuwa na nanaa ya kutosha ngamia.

Ilanit si mtu mbaya, msinielewe vibaya. Wazazi wake walitoka Moroko, na kwao Pasaka ina mambo yake. Kulikuwa na kabati moja lililofungwa kwa ufunguo mwaka mzima, na ndani yake sahani za marehemu mama yake, nyeupe, zenye ukingo wa buluu. Chachu haikuwahi kuzisogelea. Mkesha wa Pasaka vyombo vya kila siku vilikwenda stoo, kabati likafunguliwa, Ilanit akazitoa sahani za mama yake, akalia kidogo, akaziosha, akazirundika mezani. Kila mwaka vivyo hivyo, hata kile kilio.

"Hawa wanafungia vyombo kama maharusi," Terunesh aliniambia kwa lugha yetu. "Sisi tulivunja, tukaanza upya."

"Mama unasemaje?" Ilanit akauliza.

"Nasema Pasaka yenu ni ya maneno. Mnakaa saa ngapi sijui mnasoma habari za kondoo, halafu mnaniletea supu."

"Supu yenyewe mwaka jana ulimaliza mabakuli mawili, mama!"

"Nilikuwa na njaa ya kondoo!"

Wakacheka wote wawili. Lakini usiku wa Pasaka wenyewe Terunesh alikaa mwisho wa meza kama mgeni anayesubiri basi. Vitabu vilifunguliwa, yeye akatazama dirishani.

Sasa, siku yenyewe. Asubuhi ya mkesha watu wa mtaa huchoma uani mabaki ya mkate wao wenye chachu, na moshi ulijaa ngazi zote. Ilanit alikuwa ameshapanga sahani mezani, akateremka kumchukua mtoto wao Hodaya kwa jirani. Terunesh alikuwa amesinzia barazani kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa napanda ngazi na mfuko wa mayai, nahema, ndipo nikasikia: pwaa! Tena, na tena. Pwaa!

Jamani, mlio ule! Sikuwa nimeusikia tangu tuondoke kwetu. Moyo uliniruka, na hii miguu yangu mibovu ikapanda ngazi zilizobaki kama ya msichana. Kwa kitambo kidogo niliona kabisa uwanja wetu, mama yangu amefunga shuka kiunoni, vigae vimetapakaa kwenye majani yenye umande.

Terunesh alikuwa amesimama barazani, anaimba. Uso wake ulikuwa wa bibi harusi. "Umechelewa, Balaynesh!" akaniita. "Moto umeshawaka. Shika moja hii!"

Nikanyoosha mkono, naapa nilinyoosha. Halafu nikaona ukingo wa buluu.

"Terunesh! Mungu wangu, hizi ni za nani?"

"Si za zamani hizi? Zimerundikwa, zinasubiri." Akanitazama, akatazama jengo la mbele yetu na nguo zilizoanikwa, akatazama sakafu. Nikaona anarudi, taratibu, kutoka mbali. "Balaynesh," akasema kwa sauti ndogo, "hapa ni wapi?"

Hata ile ya mkononi ikamponyoka. Haikubaki hata moja.

Ilanit hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alipiga magoti akaanza kuunganisha vipande viwili viwili, buluu kwa buluu, huku Hodaya amesimama mlangoni kidole mdomoni. "Mama alizipakata kwenye meli," alisema, wala hakuwa akimwambia mtu. "Njia nzima hakulala." Na Takele alipoingia kutoka kazini, akamwambia bila kuinua kichwa, "Sikukuu ikiisha, mtafutie mama yako pa kukaa. Nimevumilia, Takele. Siwezi tena."

Takele akaangalia viatu vyake.

"Sema neno wewe!" nikamfokea. "Au ulimi uliuacha jangwani Sudani tulipokuwa tunakuja huku?"

"Niseme nini, shangazi? Maji yakimwagika hayazoleki."

Ajabu ya sikukuu ni kwamba haisubiri mtu amalize kulia. Jua lilikuwa linashuka, maduka yamefungwa, vyombo vya stoo vina chachu, na mezani hakuna pa kuwekea hata yai. Mimi sikumwomba mtu ruhusa. Niliingia chini ya kitanda cha Terunesh, nikayatoa mabakuli meusi, bado yananuka moshi, nikayapanga. Ilanit aliyaona. Akaendelea kuokota vipande.

Terunesh mwenyewe alikuwa amekaa kitandani. Aliinuka akatoka na kifurushi kifuani, nami nikajua anaondoka, tena usiku wa Pasaka, mzee wa watu. Lakini alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Ilanit, akafungua kitambaa kimoja, akafungua kingine. Ndani mlikuwa na kijitungi cha maji, kidogo, shingo nyembamba, cheusi tii.

Sikuwahi kukiona. Miaka yote tuliyoishi uwanja mmoja, sikuwahi!

"Mama yangu alikifinyanga mwaka aliofariki," alisema. "Kila Pasaka kilitakiwa kivunjwe. Kila Pasaka nilikificha kwenye nyasi za paa. Wenzangu wanaimba, wanavunja, mimi naimba nao, na mama yangu yuko pale juu. Nilitembea nacho mgongoni mpaka Sudani. Kimeshika maji tu, unga haujakigusa." Akamnyooshea kijitungi. "Kishike, mwanangu. Kivunje. Ndicho nilicho nacho."

Ilanit akakipokea. Akakiinua juu, na mimi nikafumba macho, maana sikutaka kuona.

Nikasubiri mlio. Haukuja.

Nilipofumbua, Ilanit alikuwa bombani anakisuuza, machozi yanamtiririka. Akamimina ndani yake maji ya chumvi, yale tunayoyaweka mezani kukumbuka kilio cha Misri, akakitia katikati ya meza karibu na mfupa wa kondoo. Kisha akavuta kiti kilicho karibu na chake.

"Kaa hapa, mama," alisema. "Usikae kule mwisho."

Tukakaa. Hodaya, kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote, akauliza kama watoto wanavyouliza: kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine? Takele akafungua kitabu. Lakini Terunesh akaweka mkono wake juu ya ukurasa.

"Kwa sababu tulitoka," akamwambia mjukuu wake. "Mimi nilitoka. Kwa miguu hii unayoiona." Akaanza kusimulia, usingizi wote umemtoka, mpaka supu ikapoa na hakuna aliyeikumbuka, hata yeye.

Kuhusu kumtafutia pa kukaa, sikusikia tena. Aliishi chumba kile kile mpaka Mungu alipomchukua, na sasa mimi nagombana na nani?

Mwaka huu nilikwenda kwa Ilanit mkesha wa Pasaka kama kawaida. Vyombo vya kila siku vilikuwa vimekwenda stoo. Akachukua ufunguo, akafungua kabati. Mlikuwa na kitu kimoja tu ndani yake. Akakitoa, akalia kidogo, akakiosha.