Maiti wa Mchezo wa Waairishi

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Nilisoma mpaka darasa la sita tu na mkono wangu ni mzito; mstari mmoja unaweza kunimalizia jioni nzima. Nikikosea herufi, msomaji azinyooshe mwenyewe. Kuandika kunanichosha, lakini kusema kwa mdomo kumenishinda tangu utotoni.

Shuleni kwetu Kongo, upande wa ziwa, mwalimu alipoita majina sikuweza kuitika. Koo lilikuwa linafunga. Mama, akiwa njiani kwenda shambani, alikuwa akisimama nje ya dirisha na kuitika yeye: "Yupo!" Darasa zima linacheka, mwalimu anaweka alama, mama anaendelea na safari yake.

Mwaka 2019 nilikuwa Johannesburg, napiga pasi kwa fundi cherehani mmoja, mtu wa Tanga, pale Marshalltown. Nilikuwa nalala mtaa wa Joubert Park, chumba kimoja na Wakongo wenzangu. Kanisani kwetu padri alikuwa mzee wa Ireland, na ndiye aliyetuletea mchezo wa kuigiza wa zamani wa vijijini kwao. Kijana mwenye shamba amekufa. Majirani wanakuja kukesha na maiti. Mama yake akiwapo, wanalia. Akiingia jikoni, wanagombea shamba. Mmoja anasali rozari huku macho yake yanatafuta mpaka uko wapi. Mwingine anamsifu marehemu, kisha anauliza ng'ombe atabaki na nani, na kama chai ipo.

"Ulipochezwa kwetu, wakulima walikasirika," padri alituambia. "Walisema, sisi hatuko hivyo. Kisha wakarudi nyumbani kugombea mipaka."

Mama mmoja msusi, kiongozi wa kundi letu la kuigiza, aliugeuza mchezo kwa Kiswahili. Siku ya kugawana nafasi niliinama, nikaangalia viatu vyangu.

"Mdogo wangu, usitetemeke," akaniambia. "Wewe utakuwa maiti. Kazi yako ni kunyamaza, na hiyo unaijua kuliko sisi wote."

Wakacheka, nami nikafurahi kweli. Shuka ya kunifunika niliipiga pasi mwenyewe.

Ukumbi ulijaa. Zilikuwa zile wiki ambazo maduka ya wageni yalivunjwa na kuchomwa, na watu walikuwa na hamu ya kucheka. Yule wa rozari alipoanza kupima shamba, mtu wa nyuma akapaza sauti: "Eish! Huyu ni shemeji yangu kabisa!" Mimi nimefumba macho, najiuma ulimi nisicheke.

Kisha ikafika zamu ya msusi, aliyeigiza mama wa marehemu, kulia. Jina la marehemu lilikuwa la Kiairishi, hakuna aliyeweza kulitamka. Na kwetu mtu halii hivi hivi tu. Unamwita aliyekufa kwa jina lake, unataja mama yake na kijiji chake, unamuuliza amemwachia nani huyo mama. Basi msusi akanililia mimi: jina langu, jina la mama yangu, kijiji chetu. Kicheko kikakatika. Wanawake kadhaa walilia machozi ya kweli.

Msusi alifurahi mno. Mtu alikuwa amerekodi kwa simu yake, na jioni ile akakitia kipande hicho cha video peke yake kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwetu, bila maelezo. Alidhani kila mtu angejua ni mchezo.

Nyumbani walikuwa wamesikia habari za maduka kuchomwa. Wakaniona chini ya shuka, mishumaa, padri amesimama pembeni, na mtu analitaja jina langu kwa kilio. Nani angesubiri kuuliza? Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenionyesha salamu za rambirambi, na tayari zilikuwa za wiki nzima; mimi kundi hilo nilikuwa silifungui, naye msusi alidhani watu wanaendeleza utani.

Mama hana simu. Simu iko kwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu. Na lazima niwaeleze jambo moja: kwetu mjane hukaa kwenye shamba la mume kwa ajili ya mtoto wa kiume. Mtoto akifa, shamba linarudi kwa ndugu za mume. Nikapiga.

"Baba mdogo, ni mimi."

"Wewe nani?"

Nikataja jina. Nikasikia kuku, na mtu anatwanga.

"Huyo tumeshamlilia. Matanga yameisha, mbuzi ameliwa."

"Ulikuwa mchezo, baba mdogo. Niko hai. Nipe mama."

"Mama yake amenyoa nywele, yuko ndani. Nimpe sauti ya maiti aanguke? Matapeli wa huko tunawajua."

"Sikuombi kitu. Nipe mama tu."

"Na michikichi ya shamba imeshapata wa kuitunza. Mtu hawezi kufa, kisha afufuke wakati wa mavuno."

Maneno yote niliyoyapanga yakakataa kutoka, na yeye akakata.

Msusi aliandika kwenye kundi, akaomba msamaha, akaeleza. Wakamjibu: "Ulilia mwenyewe, tulikusikia." Nikatuma picha nimeshika pasi. Wakasema ni ya zamani. Nikajilazimisha kurekodi sauti, nikaanza upya mara nyingi mpaka ikatoka yote. Baba mdogo akaandika kwamba huo ni utapeli mtupu, kwa sababu yule kijana hakuwa msemaji. Kisha akatutoa kwenye kundi, mimi na msusi.

Kurudi siwezi. Karatasi yangu ya ukimbizi hainiruhusu kukanyaga kwetu. Mchana napiga pasi, na kila shuka nyeupe ikija mezani nampa fundi aipige yeye. Haulizi kwa nini.

Majina sikuyaandika, lakini walioiona ile video wananijua. Kama wewe ni mmoja wao, au unapita upande wa ziwa, mtafute mama yangu mahali ambapo baba mdogo hasikii. Usimwonyeshe simu wala picha. Simama nje ya dirisha lake useme neno moja tu: "Yupo." Ataelewa nani kakutuma.

Kisha niandikie kupitia hawa wanaochapisha maandishi haya, hata mstari mmoja, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Niambie alijibu nini.