Kamera kwa Meno ya Mbele

Siku Mama Meno alipoingia dukani kwangu kwa mara ya kwanza, nilikuwa na pengo la meno manne ya mbele na wiki nzima sikuwa nimeuza kitu. Mambo hayo mawili ni ndugu. Mimi nauza vitu vilivyotumika: pasi, feni, redio, milango isiyo na nyumba. Katika biashara hiyo mtaji ni mdomo. Tangu nilipoanguka na ngazi nikishusha feni, kila nikitamka "bei ya mwisho" upepo ulipita katikati, mteja akacheka, na bei ikishachekwa imeshashuka.

Alikuja kutafuta mota ndogo ya kuzungushia brashi. Mwanamke wa makamo, mnene kiasi, aproni imejaa vumbi jeupe la plasta, penseli imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, na chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya saluni ya dada yake, mtaa wa pili. Mota aliipima kwa jicho akaiacha. Ndipo akaiona kamera.

Ilikuwa kamera ya sinema ya zamani, ile ya kutia ufunguo kama saa ya mezani. Ilinifikia pamoja na projekta na mikanda minne isiyofunguliwa, ndani ya sanduku nililolinunua kwa sababu ya sanduku lenyewe. Kazi yake dukani ilikuwa kuzuia mlango usijifunge. Mama Meno akaiokota, akaifuta kwa aproni, akaiweka chini. Akaiokota tena. Mtu akigusa kitu mara mbili, bei inapanda yenyewe.

"Hiyo dada yangu si ya kila mtu," nikaanza. "Hiyo ni mashine ya..."

"Fungua."

"Nifungue nini?"

"Mdomo, kaka. Fungua, acha kunipulizia."

Nikafungua. Akaingiza kidole bila hodi, akapapasa fizi huku na huku kama anayechagua nyanya.

"Fizi nzuri. Nani alikung'oa?"

"Ngazi."

"Ilifanya kazi safi. Nakutengenezea manne, wewe unanipa hii kamera na vikorokoro vyake."

Nikamuuliza anaitakia nini. Akaniambia, huku akiikumbatia kamera kana kwamba tumeshamalizana:

"Kazi yangu mimi ni vinywa vilivyosimama. Mtu anang'ata nta, ananyamaza, namtengenezea, anavaa, anaondoka. Anakwenda kucheka kwingine, anagombana na mume kwingine, mimi nabaki na mataya ya plasta kwenye rafu. Sijawahi kuona kazi yangu ikitembea, kaka. Nataka filamu ndogondogo tu, zangu mwenyewe. Mtu anakunywa chai. Mtu anaomba apunguziwe bei ya nyama. Basi."

Nikamwonea huruma, yaani nikaona faida. Nikamwambia meno manne hayafiki thamani ya kamera, projekta na mikanda, ila kwa kuwa ni yeye, tuwekeane sharti. Mimi navaa meno, yeye anachukua mzigo wote. Kabla mwaka haujaisha anionyeshe filamu moja ya watu wa mtaa huu, mwanzo hadi mwisho, bila hata mtu mmoja kuikodolea macho kamera. Akiweza, kamera ni yake. Mikanda yote minne ikiisha na kila filamu ina aliyeikodolea, hata mmoja tu, kamera inarudi kwangu, na meno yanabaki yalipo. Nilijua ninachosema. Watu wetu ukiwaelekezea kamera wanageuka picha ya kitambulisho.

"Nani ataamua?" nikauliza.

"Shangazi yako."

Shangazi alikuwa mteja wake, meno ya juu na ya chini. Lakini Shangazi hana upendeleo, anatununia wote sawasawa. Nikakubali.

Meno yalikaa kama niliyozaliwa nayo. Alasiri hiyohiyo niliuza feni mbili, na moja haikuwa inazunguka.

Yeye akaanza na mwenye bucha. Mwenye bucha aliposikia kamera ikitatarika, akaweka kisu kifuani kama askari anayeapishwa, akabana pumzi hadi ufunguo ukaisha. Mkanda wa pili ukaenda kwa dada yake, msusi, ambaye alilamba midomo mwanzo hadi mwisho na kila mara akageuza kichwa cha mteja kielekee lenzi. Wa tatu ulikuwa wa mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko. Aliambiwa, "Baba, kunywa chai yako kama kawaida." Akanywa huku ameitolea kamera tabasamu, chai yote ikaingia kwenye shati.

Mikanda aliisafisha mwenyewe kwenye ndoo bafuni, wapangaji wenzake wakingoja kuoga na taulo mabegani, wakitukana kwa adabu. Kisha akaianika kwenye kamba saluni, imebanwa kwa vibanio vya nywele, akaionyesha kwenye shuka ukutani. Katika waliocheka, yeye alikuwa wa kwanza na wa mwisho.

"Ona, ona anavyomeza! Kumbe taya lake linakwenda kushoto! Mwaka wa ngapi nimeolewa na mtu huyu?"

Alikuwa amepata alichokitaka, lakini sharti lilikuwa sharti, na mkanda ulibaki mmoja. Nilianza kupangusa vumbi pale mlangoni kamera ilipokuwa ikikaa.

Basi akabadilisha mtindo. Akawa anapiga bila mkanda. Kila siku alipita mtaani na kamera jichoni, ufunguo ukilia trrr, ndani mna hewa tupu. "Ina mkanda hiyo?" "Haina, tazama," anafungua kifuniko, anaonyesha. Mwanzoni watu walipiga pozi hata hivyo, tahadhari tu. Baadaye wakachoka. Haikuchukua muda mwenye bucha akawa anajikuna kwapa mbele ya lenzi, na msusi anapiga miayo hadi unaona kilichopo tumboni. Kamera ikawa kama paka wa jirani.

Hapo nikaanza kusikia baridi, na sababu ilikuwa friji. Alikuja bwana mmoja anayekusanya mashine za zamani, akasema nikimpatia kamera ya aina ile na projekta yake, ananipa friji kubwa la vioo mbele, la kuuzia soda. Mtu mzima hawezi kupoteza friji kwa sababu ya filamu za watu wanaokunywa chai. Nikamdodosa msusi huku ananishauri juu ya upara wangu, akasema mdogo wake ataweka mkanda Jumamosi, asubuhi, mbele ya saluni. Nikaenda nikamwambia mwenye bucha, kwa siri. Ni sawa na kupiga ngoma. Sikudanganya mtu, nilisema ukweli kwa mtu aliyefaa.

Jumamosi mtaa ulikuwa maridadi! Mwenye bucha alivaa tai juu ya aproni. Muuza mkaa alikuwa amepauka kwa poda. Shangazi alikuja na mkoba wa kuendea harusini, ameushika mbele kwa mikono miwili. Mama Meno akasimama kwenye ngazi za saluni, kamera jichoni.

"Endeleeni tu na shughuli zenu, jamani."

Wakaendelea. Mwenye bucha akakata nyama bila kuitazama nyama. Wanawake wawili wakasalimiana, kila mmoja ameigeukia kamera, mikono yao ikitafutana hewani. Muuza mkaa alisimama wima karibu na gunia kama aliyetunukiwa. Ufunguo ukalia trrr hadi ukaisha. Mama Meno akaishusha kamera taratibu, uso umemshuka kama mtu aliyevunja chungu cha watu.

"Basi. Mkanda umekwisha. Asanteni."

Akaingia ndani. Alipotoka, kamera ilikuwa inaning'inia ubavuni kwa mkanda wake wa ngozi, kama mkoba. Nyuma yake draya ya saluni ikaanza kunguruma mlangoni. Ningekuwa na akili siku hiyo ningejiuliza ni nywele za nani zinakaushwa.

Mtaa ulifunguka kama mkaja.

"We bucha, ulikuwa unakata nyama au unaoa?"

"Afadhali mimi! Huyu wa mkaa kajipaka unga, nilidhani anakwenda kukaangwa!"

"Shangazi, huo mkoba una nini ndani?"

"Una meno yangu. Nisingeyavaa yakachakaa bure mbele ya mashine."

Watu wakashikana mabega kwa kicheko. Mwenye bucha alilia, akajifuta kwa tai. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, maana friji lilikuwa limeshaanza kuganda kichwani mwangu. Nikapita katikati yao nikirukaruka, hadi chini ya ngazi alipokuwa amesimama. Mimi si mrefu. Ngazi zile zilimpandisha, kiuno chake kikawa sawa na kidevu changu.

"Dada, makubaliano ni makubaliano!"

"Unasemaje? Draya inapiga kelele."

"Nasema kamera ni yangu!"

"Ya nani?"

"Yangu! Ya-ngu!" nikapaza sauti, mdomo wazi kama mlango wa ghala. Nilimwona akiigusagusa kamera pale ubavuni, akizungusha hiki na kile. Nikadhani anajiandaa kunikabidhi.

"Tuitazame kwanza kesho na Shangazi," akasema. "Ndivyo tulivyopatana."

Sikuwa na wasiwasi. Nikampelekea yule bwana habari kwamba kamera imepatikana, friji likaletwa jioni hiyo, nikapanga soda ndani.

Jumapili mchana waliziba madirisha ya saluni kwa mablanketi. Shangazi alikalishwa kwenye kiti cha draya, miwani puani. Projekta ikaanza kukohoa, shuka likapata mwanga, na mtaa ukaingia. Mwenye bucha anajifuta machozi kwa tai. Muuza mkaa anajipapasa poda, anaitazama mikono yake, anacheka. Wanawake wawili wamekumbatiana hadi kilemba cha mmoja kimeanguka. Hakuna aliyesimama wima. Hakuna hata mmoja aliyejali kamera.

"Hii ni lini?" nikauliza.

"Jana," akasema Mama Meno. "Mkanda ulipokwisha."

"Sasa uliokwisha ni upi?"

"Haukuwepo. Nilipoingia ndani ndipo nilipouweka, draya ikaficha mlio."

Saluni ililipuka. Msusi alianguka juu ya mabeseni. Pale kwenye shuka akatokea mtu akirukaruka katikati ya watu, mikono juu.

"Nani huyu mbuzi?" Shangazi akauliza.

"Ni mimi, Shangazi."

Yule mbuzi akasogea, akakua, akakua, hadi shuka lote likawa mdomo. Mdomo mkubwa kama kitanda, unafunguka na kufungika, ulimi unacheza, meno manne yanang'aa kama vigae vya bafuni. Nikaona mlango wa kutokea.

"Simamisha! Hapo nilikuwa naikodolea kamera! Nilikuwa naidai, nitaidaije bila kuitazama? Mtu mmoja kaikodolea, na mtu huyo ni mimi. Imerudi kwangu!"

"Rudisha nyuma," Shangazi akasema.

Ikarudishwa. Mdomo ukaja tena. Shangazi akainuka, akalikaribia shuka, akanyoosha kidole kutoka puani hadi kidevuni.

"Macho yako yako wapi hapa?"

Hayakuwepo. Picha ilianzia puani.

"Mdomo hautazami. Kamera ni ya fundi. Ondoeni mablanketi, tunaiva."

Mama Meno hakusikia hata hukumu. Alikuwa ameligusa shuka kwa pua, penseli mkononi, anaruka kidogo kidogo kwa furaha.

"La tatu! La tatu linainuka akisema 'yangu'! Mnaliona? Kaka, kesho uje nilipunguze!"

Friji lilirudi kwa mwenyewe Jumatatu, soda nikazinywa mwenyewe zikiwa moto. Kibaya zaidi, mtaa mzima uliona ninavyoonekana nikidhani nimeshinda. Sasa mteja akiniona nachangamka, anashusha bei papo hapo. Nimejifunza kununa kama Shangazi, lakini sina kipaji.

Yeye alipata kamera na projekta, na kila mteja anayeogopa meno ya bandia humfungia dirisha, humwashia mdomo wangu. Wanatoka wameagiza. Nilipojua, nikaenda kumdai.

"Mdomo ule ni wangu, dada."

"Na meno?"

"Nilikulipa kamera."

"Basi kamera ndiyo iliyokupiga. Kaidai kamera."

Tulivutana asubuhi nzima, akifanya kazi yake, tupa ikikwaruza taya la mtu. Mwishowe tukafika hapa: mdomo wangu unabaki kwake, autumie apendavyo, na yeye atanipigia meno brashi na kunirekebishia bure maisha yote. Maisha ya nani, yangu au yake, hatujakubaliana. Yeye anasema yangu, kwa sababu anajua nakula vibaya, nitatangulia.