Arlette Chabassier na Kijito Kisichohama

Ofisi ya mkoa imetamka, kwa muhuri na kwa sahihi isiyosomeka, kwamba mpaka kati ya kijiji cha Corvelle na kijiji cha Saint-Ambrun ni katikati ya kijito cha Louette. Kwamba kijito hicho hupita pale kilipochorwa kwenye ramani. Na kwamba hakuna sababu ya kuamini kimewahi kupita pengine.

Arlette Chabassier alilisoma tangazo hilo kwenye mlango wa ofisi ya meya wa Corvelle, mkate kwapani. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye ng'ombe wachache na mabata bukini wengi kuliko mtu yeyote anavyohitaji. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, kule chini mashamba ya ngano yanapokoma, kwenye kiwiko cha Louette, pale kijito kinapopinda. Mvua za Machi zilipozidi, Louette ilichoshwa na kile kiwiko, ikakata moja kwa moja nyuma ya zizi lake. Kwenye mkondo wa zamani uliokauka, Arlette akapanda kabichi. Tangu hapo, mtu wa Corvelle aliyetaka kumsalimia Arlette alivuka maji. Wa Saint-Ambrun alifika na viatu vikavu.

Lisingekuwa jambo, isipokuwa kila Novemba Corvelle hugawana kuni za msitu wa kijiji. Kila nyumba yenye jiko linalowaka huchomoa karatasi kwenye kofia ya meya, na karatasi hutaja fungu lake la miti ya kukata. Saint-Ambrun haina msitu. Ina viazisukari na ukungu. Arlette alikuwa akitia mkono kwenye kofia ile tangu alipoletwa kijijini akiwa bibi harusi. Bila fungu angepata baridi. Bila kofia asingejua yeye ni mtu wa wapi, ingawa hilo la pili hakumwambia mtu.

Aliyelianzisha ni jirani yake Fulgence Tardieu, mtu ambaye kila mwaka fungu lake, kwa maelezo yake mwenyewe, huwa ni miiba mitupu. Walikutana kwenye gari la mkate.

"Habari za ughaibuni, Arlette?"

"Nzuri. Kule sina majirani."

"Mimi sina ugomvi na wewe, mama. Nauliza tu kisheria. Mtu wa Saint-Ambrun hakati kuni za Corvelle."

"Babu yako alizaliwa Saint-Ambrun, Fulgence."

"Alihama."

"Kumbe inaruhusiwa."

Meya, ambaye hapendi kuamua jambo lenye pande mbili, aliandikia mkoa. Mkoa ukajibu kwa tangazo lile, na kuongeza kwamba Alhamisi mpima ardhi angekuja kujionea, na maji atakayoyakuta ndiyo mpaka.

Mtu mwingine angeliona tangazo hilo kama hukumu. Arlette aliliona kama maagizo.

"Kama hakijahama," alisema, "basi kirudi."

Akaenda Saint-Ambrun kwa Régis Fontanel, meya wa huko na mwenye katapila pekee bondeni. Zamani, kwenye dansi ya mavuno, Régis alimposa Arlette, akakataliwa kabla muziki haujaisha.

"Régis, naomba katapila lako Jumapili. Nataka kurudisha kijito."

"Unanikimbia mara ya pili?"

"Nikiwa mtu wako, utanitengenezea barabara."

Régis akajikuna shingo. "Na mabata?"

"Wanakuja nami. Halafu nitahudhuria mikutano yenu yote, na nitaomba kusema."

"Jumapili saa ngapi?"

Baada ya misa, Corvelle walishuka na matrekta, Saint-Ambrun wakaja na katapila na soseji. Fulgence naye alifika, mikono mfukoni.

"Umekuja kunizuia?" Arlette akamuuliza.

"Nimekuja kuona kama hawa wa Saint-Ambrun wanajua kuchimba."

Akatazama kidogo.

"Hawajui," akasema, akachukua sepetu, na hadi wakati wa mvinyo alikuwa kwenye tope mpaka kiunoni, akiwafundisha. Ukingo ulipofunguliwa, Louette ilisitasita, kisha ikageuka kuelekea kwenye kiwiko chake, kama ng'ombe anayejua zizi.

Alhamisi mpima ardhi alikuja, kijana muungwana mwenye buti mpya. Alitembea ukingoni na ramani yake. Meya wa Corvelle upande huu na Régis upande ule walikuwa wakitazama mawingu yaleyale, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Mama," kijana akamuuliza Arlette, "hiki kijito kiko palepale siku zote?"

"Mwanangu, kiko palepale kilipokuwa siku nilipoolewa."

Jumamosi Arlette akatia mkono kwenye kofia ya meya. Alipata mialoni iliyonyooka, kando kabisa ya barabara. Fulgence alisema lake ni miiba.

Ripoti ya mpima ardhi ilibandikwa wiki iliyofuata. Inathibitisha kwamba Louette haijawahi kuondoka kwenye mkondo wake. Maji ya pale kiwikoni yalikuwa yameshatulia, yakawa maangavu, na aliyesimama ukingoni aliziona chini ya maji kabichi za Arlette, mstari kwa mstari, zimefunga vizuri sana mwaka huo.