Tumefunga kwa Ajili ya Matanga

Kilichomtisha Madeleine kuliko wezi na radi kilikuwa simu yake mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kufagia ua, aliandika humo "chumba cha kulala karibu na Luano", kisha akashuka na kidole akiitafuta nyumba yake ya wageni. Zamani ilikuwa ya kwanza, na abiria walitoka uwanja wa ndege wa Luano wakaja moja kwa moja. Mwaka jana ikawa ya sita. Sasa ilikuwa ukurasa wa nne, ambako hafiki hata mwenye shida. Vyumba vyote vitano vilikuwa vitupu. Mambo yakiendelea hivi hadi Krismasi, atafunga na kuhamia kwa dada yake huko Kambove, alale kwenye mkeka wa mtu na miaka yake hamsini na miwili.

Alimjua adui yake. Mumewe Kapya alifariki miaka miwili iliyopita, na ndugu zake wa Pweto hawajaja kuondoa matanga. Kwa nini hawaji? Wanaitaka nyumba, alijiambia, wanaivuta chini kwa dawa.

Mwishowe alimwita Ngosa, binti anayetengeneza tovuti za maduka mjini, akamweleza habari ya dawa. Ngosa alifungua kompyuta, akaingia kwenye tovuti ya nyumba ya wageni.

"Mama, hapana muntu aliroga," alisema. "Benzako banaweka picha mupya kila mwezi, banajibu bantu. Yako haukuigusa tangu miaka mbili. Na angalia iko inasema nini."

Juu ya picha ya Kapya akicheka mlangoni palikuwa na tangazo aliloliandika Madeleine siku ya msiba: Tumefunga kwa ajili ya matanga.

"Muntu anafungua, anasoma tumefunga, anatoka. Google inaona bote banatoka mbio, inakushusha."

Kikulacho ki nguoni mwako, naye alikuwa akikitafuta Pweto. Lakini kulifuta tangazo kabla wakwe hawajamvua msiba, nani angethubutu? Mjane anayejivua mwenyewe hufuatwa na marehemu.

"Iko muntu moja tu hatoke mbio," Ngosa aliongeza. "Wa Pweto. Kila siku saa kumi anafungua, anabakia dakika makumi mbili."

Kumbe wanamvizia, wanangoja afute ili wapate sababu ya kumnyang'anya nyumba. Akampigia shemeji yake Chisanga huko Pweto, akauliza nani anaichungulia nyumba yake.



"Ni mama yetu," Chisanga alisema. "Anatuambia tumufungulie simu aone mutoto wake Kapya. Picha ingine hatuna. Siku tutakuja kumaliza kilio, ataona mutoto amekwisha kufa kabisa. Ndiyo maana tunachelewa, shemeji. Utusamehe."

"Ninaomba nitoe ile maneno ya kilio," Madeleine alisema.

"Toa. Picha uache."

Ngosa akalifuta tangazo. Alionya kwamba kupanda tena kutachukua miezi, na nafasi ya kwanza huenda isirudi. Madeleine aliogopa bado, ila hakumsikiliza vizuri. Tangu msiba alikuwa akilitafuta jina la nyumba kwenye orodha tu. Kuingia ndani ya tovuti hakuthubutu hata siku moja, kwa hofu ya uso ule. Akaisogeza kompyuta karibu, akamwangalia mumewe.